Fomu ya mtoto aliyepigwa na polisi isitoke polisi

Ndugu Mhariri, assalamu alaykum.

Mie ni fundi honda, yani pikipiki, hapa Chake, mtu wa spana na grisi, kuandika magazetini si kazi yangu. Lakini huu ubishi wa polisi kuwachapa vijana wa honda sasa uko kila pahala, ukikaa barazani ndo huo, ukifungua magrupu ya WhatsApp ndo huo, na kwenye gazeti lako nimesoma barua mbili tatu, huyu anasema wachapwe mpaka washike adabu, yule anasema haki za binadamu, na kila nikisoma naona kuna kitu kimoja hakuna anayekigusa, kwa hivyo leo nimeiacha kabureta ya watu juu ya benchi nkakaa na simu kuandika. Kama kuna pahala nimekosea utaninyooshea.

Nianze kwa kujisema mwenyewe. Mie nilikuwa upande wa wachapwe. Kazi yangu inanikutanisha na watoto wa miaka 14, 15, 16 kutwa nzima, nawajua vizuri. Wanakuja nikate ekzosi ili honda ilie, nin'goe vioo vya pembeni ati vinaharibu shepu, wanapakiana mishikaki watatu wanne, wengine wakisimama hata miguu haifiki chini. Na nimeshazika. Mwaka juzi tulimzika mmoja ambaye asubuhi yake nilimfungia gurudumu la mbele kwa mikono yangu, haikuwa nati, aliingia chini ya gari ya mchanga, lakini mpaka leo nikifunga gurudumu la mbele naikaza nati mara mbili halafu narudi tena kuitazama. Kwa hivyo askari walipokuwa wakipita usiku na fimbo, vijana wakatawanyika barazani kama vifaranga walioona mwewe, mie nilikuwa nacheka. Nikisema safi sana, sie wazazi tumeshashindwa. Na si mie peke yangu, wako wazazi wanawapeleka watoto kituoni wenyewe, afande nisaidie huyu mtieni adabu kidogo, wanamuacha pale wanarudi nyumbani kula. Tunajuana.

Sasa mwezi uliopita yakanifika.

Mteja alikuwa anaisubiri honda yake, amepiga simu mara tatu, na mie mikono yote miwili imo ndani ya injini ya mtu mwengine. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, alikuwa ametoka skuli anakuja kunisaidia kama kawaida. Nkamwambia mpelekee, rudi mbio. Hilo ni kosa langu, nalisema mie kabla hajalisema mtu, mtoto hana leseni wala hana umri wa leseni, na kama ni faini ni yangu mie niliyempa ufunguo. Alipofika kwenye kona yenye mfenesi akakuta askari wanne na difenda. Akababaika, akapunguza mwendo, akataka kugeuza arudi, na hapo askari mmoja akatoka pembeni na fimbo ya mpera akampiga mkononi, mkono wa kulia, palepale uliposhika usukani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndo kwenye ufundi wangu. Honda mkono wa kulia ndo wenye mafuta na ndo wenye breki ya mbele. Mtu ukimpiga mkono ule hauachii, unakaza, ndo maumbile ya mkono. Akikaza kwa kuvuta nyuma honda inaruka na mafuta, akikaza vidole gurudumu la mbele linafunga papo hapo na mkia unanyanyuka. Yani hakuna namna ya kumpiga fimbo ya mkono mtu aliye juu ya honda inayokwenda ukasema ulikuwa unamsimamisha au unamtia adabu. Unamwangusha. Mie nimetengeneza honda nyingi zilizotokea mikononi mwa doria, taa ya nyuma imevunjwa kwa rungu, usukani umekwenda upande, na wenyewe wanakuja wanachechemea wananambia niliteleza fundi. Nilikuwa siulizi. Natoza pesa yangu basi.

Nilipigiwa simu na mpita njia. Nkenda kituoni, sikitaji ni kituo gani, nkamkuta mwanangu amekaa chini kwenye sakafu ameegemea kaunta, mkono ameuweka juu ya paja kama kitu si chake, umevimba kama andazi. Tangu alasiri yuko pale na hospitali si mbali. Wallahi nilitaka kupiga kelele lakini ukiwa kaunta unajua nani mwenye funguo za lokapu.

Nkasema afande, naomba PF3 nimpeleke mtoto hospitali. Kwa wasiojua, PF3 ni ile fomu ya polisi namba tatu, mtu akija na jeraha la kupigwa au la ajali hospitali wanaiuliza, nusu ya juu anajaza polisi anaandika nini kimetokea, nusu ya chini anajaza daktari anaandika jeraha gani na limefanywa na kitu gani, na ndo karatasi itakayokwenda mahakamani ikiwa kuna kesi.

Akanambia, "Mzee wangu, fomu ipo, tatizo hapa pa sababu. Tuandike vipi?"

"Andika kilichotokea."

"Kilichotokea si kaanguka na honda?"

"Kaanguka baada ya kupigwa fimbo ya mkono."

Akaiweka peni chini taratibu. "Sasa mzee, mimi nilikuwa hapa kaunta sikuona mtu kupigwa. Kama unataka tufungue jalada la askari, hewala, subiri mkubwa aje, katoka. Na hili la mtoto kuendesha bila leseni nalo tutalitazama."

Hakunifokea. Niwe mkweli, alikuwa mtu wa adabu, hata maji ndo yeye aliyempa mwanangu. Na nkamuelewa, mie nikinyamaza la fimbo na wao wananyamaza la leseni, karatasi itatoka sa hivi na mkono utatibiwa. Maghribi inakaribia, mtoto midomo imekauka, nani atakaa kubishana maneno ya kwenye fomu? Akaandika alianguka na pikipiki. Nkaichukua, na nkasema ahsante. Neno lile ahsante limenikaa kooni mpaka leo.

Hospitali daktari alikuwa binti mdogo tu, akaushika mkono akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya vidole, kabla ya hapo palipovunjika, kulikuwa na mstari mwekundu ulionyooka, umekata vidole vyote vinne sawasawa kama uliopigwa na rula. Akamuuliza mtoto, hichi nini? Mtoto akanitazama mie. Mie nkatazama ukuta. Daktari hakuuliza tena, akaandika, mtoto akapigwa picha, akafungwa hogo mpaka karibu na kiwiko, tukarudi nyumbani usiku.

Mama watoto ndo aliyekaa akaisoma ile fomu tuliyoipiga picha kwenye simu. Akanita. Juu polisi kaandika alianguka na pikipiki. Chini daktari kaandika mvunjiko wa mkono, na alama ya kitu butu chembamba juu ya vidole. Karatasi moja, juu inasema lake na chini inasema lake. Akaniuliza na wewe ulisemaje baba watoto? Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu Mhariri, hichi ndo kitu nnachokiona hakiguswi. Tunabishana apigwe asipigwe, lakini hata tukikubaliana sote leo kwamba asipigwe, siku akipigwa ushahidi wake unaanzia kwenye kaunta ileile. Ukivunjwa mkono na jirani, polisi ni mtu wa kati, fomu anakuandikia vizuri tu. Ukivunjwa na askari, unakwenda kuomba karatasi ya kumshtaki kwa mwenzake anayekula naye, na bila ya karatasi ile hata matibabu yana mashaka. Mtu mzima labda atasimama agombane. Mtoto wa miaka 15 atagombana na nani?

Na si jambo la jana hili. Januari 2001 mie mwenyewe nilikuwa na miaka 15, umri wa mwanangu sasa. Sitaki kufukua kaburi, kila mtu wa Pemba anajua tarehe 27 ile ilikuwaje, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa CUF waliokuwa wakipinga uchaguzi, Human Rights Watch walihesabu waliouawa si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600, watu wakapanda majahazi wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa maelfu, na Tume ya Mbita ya kuyachunguza hayo ikaja baadae. Ninachokikumbuka mie kwa macho yangu ni kijana wa nyumba ya tatu, risasi ilipita kwenye nyama ya mguu, akalala ndani siku tisa amefungwa kwa kanga na mama yake anamkandia maji ya chumvi, kwa sababu kwenda hospitali bila karatasi ya polisi haiwezekani na kwenda kuomba karatasi polisi ni kujipeleka. Mguu ule mpaka leo anauburuta. Karatasi ni hiihii.

Nina mpwa wangu anasoma sheria Unguja, nilimpigia simu nkamwambia nieleze mwanangu ana haki gani. Akanambia mjomba, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hivyo usikubali wakikwambia huyu kijana mkubwa. Katiba yetu ya 1984 inakataza mtu kuteswa na kuadhibiwa kinyama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, Tanzania imeuridhia tangu 1991, kifungu cha 37 kinasema kumkamata mtoto iwe njia ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa. Na askari anapomkamata mtu yeyote anatakiwa atumie nguvu isiyozidi ile inayohitajika. Nkamuuliza na akikimbia? Akacheka, akanambia hilo ndo tunalolisoma, kuna kesi ya Marekani, mtoto anaitwa Edward Garner, miaka 15, mji wa Memphis, mwaka 1974, kaingia nyumba ya watu kuiba, askari kamuona anaparamia ua, kaona karibu kwa yakini kwamba hana silaha, na bado kampiga risasi ya kichwa kwa nyuma. Alikutwa na pochi na dola 10. Sheria ya kule ilikuwa inaruhusu. Baba yake akahangaika mahakamani miaka mpaka 1985 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema hapana, kukimbia peke yake hakumhalalishi mtu kuuliwa. Baba yule alinikaa sana kichwani. Mie nimeshindwa hata kubishana na kaunta.

Halafu nkakumbuka yule kijana wa Ufaransa, Nahel, miaka 17, Juni 2023 pale Nanterre karibu na Paris. Wengi waliona tu magari yanaungua kwenye simu zao hawakujua kisa. Kisa ni hikihiki cha mwanangu, kijana anaendesha hana leseni, kasimamishwa, kaondoa gari, kapigwa risasi. Na mwanzo polisi walisema alitaka kuwagonga askari, mpaka ikatoka video inaonesha askari wamesimama ubavuni mwa gari sio mbele. Isingekuwa ile simu ya mpita njia, karatasi ya juu ingekuwa imeshaandikwa na ingebaki hivohivo. Hapo Kenya wenzetu, Machi 2020 wakati wa kafyu ya korona, Yassin Moyo wa miaka 13 amesimama kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi, risasi ikamfuata huko juu.

Wakenya angalau wana chombo chao, IPOA, kimeundwa kwa sheria ya 2011, raia wanachunguza polisi na faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Hakijawaponya, mwaka 2024 watoto wamekufa tena kwa risasi kwenye maandamano, sisemi kwamba ni dawa. Sie tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inachunguza, ikimaliza inapendekeza. Na Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake 2023, imesema mengi juu ya kulibadilisha jeshi la polisi, hayo ni ya wakubwa, nawaachia.

Najua watakaonijibu watasema polisi ni jambo la Muungano, Baraza la Wawakilishi pale Chukwani halina la kufanya, mpaka Dodoma. Kweli, polisi imo kwenye mambo ya Muungano tangu 1964. Lakini hospitali haimo! Afya ni yetu wenyewe, Wizara ya Afya ni ya Zanzibar, Sheria ya Mtoto ni ya Zanzibar, ustawi wa jamii ni wetu, masheha ni wetu. Kuna kizuizi gani hapa kwetu kutoa amri moja tu kwa hospitali zote za Unguja na Pemba, kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 akiletwa na jeraha na mwenyewe au mzazi akisema limetoka kwa askari, atibiwe bila kuulizwa karatasi, daktari aandike kwanza yeye alichokiona na alichoambiwa na mtoto, na nakala iende ustawi wa jamii siku hiyohiyo, halafu ndo polisi nao waje na nusu yao? Hilo halihitaji kura ya Dodoma. Linahitaji waziri na peni. Na wasiishie polisi tu, vikosi vyetu wenyewe vya SMZ, serikali yetu ya Zanzibar, navyo vina mikono.

Kuna wanaosema haya yanatokea kwa sababu askari wanaletwa kutoka bara hawatujui. Mie silikubali hilo, aliyempiga mwanangu anasema Kipemba kuliko mie, na naambiwa shangazi yake anauza urojo karibu na sokoni, huenda nimeshakula kwake.

Jirani yangu ana kijana wake konstebo, nilimfuata nkamuuliza, mwanangu nieleze kwa nini fimbo? Hakukasirika. "Mjomba, tuko wanne, honda zinakuja moja baada ya moja, hatuna hata koni za kuweka barabarani, ukimuachia akenda mbele akagonga mtu tunaulizwa sisi." Nkamuelewa, ana haki yake katika hilo, wapewe koni, wapewe na mafunzo ya kushughulika na watoto. Lakini nkamwambia, mjomba, hii Pemba. Mtoto akikukimbia atakwenda wapi, baharini? Wee soma namba ya honda, na kama haina namba, nitajie rangi ya tangi na mlio wa ekzosi, kesho asubuhi njoo kijiweni kwangu nikupeleke mpaka mlangoni kwa baba yake. Hakuna honda Chake hii nisiyoijua mwenyewe. Akacheka akasema hilo kweli mjomba. Mafundi tuko tele na hakuna siku tumeitwa kuulizwa, tunaitwa tu ikitakiwa honda kuondoshwa uani kwao.

Na sie wazazi tunaopeleka watoto kituoni wakatiwe adabu, tujiulize tunampa askari nini mkononi. Mie nimecheka miaka pale barazani wakichapwa wa wenzangu.

Mwanangu hogo linatolewa Jumatano inshaallah, daktari anasema kidole cha kati huenda kisikunje vizuri. Skuli anaandika kwa mkono wa kushoto, hati kama nyayo za kuku, mwalimu kamvumilia. Honda ya mteja bado iko kituoni, nimeshamlipa nusu, nusu tumeandikishana. Na juzi nimepigiwa simu kutoka kituo hichohicho, ati ile honda imekunjika usukani haisukumiki na inawazibia njia ya kupitisha difenda, fundi unaweza kuja na spana zako uinyooshe hapahapa? Sijamjibu bado.

Jina langu unalo Mhariri, naomba usilitoe.

Fundi honda,
Chake Chake, Pemba.